Kwa Nini Mgonjwa Huyu Amelazwa Kifudifudi?

Msomaji mpendwa, labda siku moja ulikuja hospitali kumtazama ndugu yako anayeumwa mapafu. Ulileta bugali na sombe, ukafungua mlango wa chumba, na tazama, ndugu yako amelala kifudifudi. Tumbo liko chini, mgongo juu, na uso umegeuzwa upande mmoja juu ya mto. Moyo wako ulishtuka. Ulijiuliza, "Nani amemtupa hivi? Je, wamekata tamaa naye?"

La, hawajakata tamaa. Pengine kulala kule ni sehemu ya matunzo anayoyahitaji sana saa ile. Nataka nikueleze jambo hili polepole, kwa maana nimeona kwa macho yangu hasara inayokuja watu wasipoelezwa.

MAMA MMOJA NA MUME WAKE

Mume wa mama mmoja aliletwa kwetu kutoka kijiji cha msituni, upande wa Walikale. Watu wa kwao walimbeba kwa kipoyi siku nzima, kisha wakampandisha pikipiki, dereva mbele na kaka yake nyuma akimshika. Unazijua barabara zetu wakati wa mvua. Alikuwa na homa kali ya mapafu. Alipumua mbiombio kama mtu anayepanda milima ya Masisi na mzigo wa viazi kichwani, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Tulimwekea oksijeni puani, tukampa dawa ya sindano. Kisha tukatazama kile kifaa kidogo kinachobana kidole, ambacho hupima oksijeni iliyomo katika damu. Mtu mzima mwenye afya huonyesha kama 95 au zaidi, ingawa juu ya milima huweza kupungua kidogo. Yeye alionyesha 84.

Daktari alisema, "Tumgeuze alale kifudifudi." Tukamgeuza. Baada ya nusu saa namba ilipanda mpaka 91. Tukafurahi, tukaenda kwa wagonjwa wengine. Lakini mke wake hatukumwambia neno.

Jioni wageni walikuja. Wakamwambia, "Mama, mbona munamuacha baba alale kama mutu aliyeanguka njiani?" Mama akaona haya. Usiku akamgeuza mume wake chali, akamfunika vizuri kwa kitenge, akaketi kando yake. Alifanya hivyo kwa upendo. Alfajiri tulikuta namba imeshuka mpaka 78, na mgonjwa hakuweza kusema maneno matatu bila kutweta.

Je, kosa lilikuwa la nani? Halikuwa la mama. Lilikuwa letu sisi wauguzi. Tulimpa mgonjwa msaada, lakini mlinzi wake hatukumpa maarifa. Basi niliketi na mama yule, nikamweleza haya ninayokueleza wewe.

MAPAFU NA MGONGO

Mapafu yetu yamo pande mbili za kifua. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vya hewa, mamilioni mengi, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Hewa ikiingia katika kifuko, oksijeni hupita na kuingia katika damu. Lakini kifuko kikijaa usaha au maji, au kikibanwa mpaka kikafunga, damu hupita pale bila kupata kitu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, si upande wa mbele. Mgonjwa akilala chali, moyo huyalemea mapafu kwa juu, na tumbo huyasukuma kutoka upande wa miguu. Na mapafu yenyewe, yakiwa yamelowa kwa ugonjwa, huwa mazito.

Fikiri juu ya kitunga cha sombe. Ukishindilia majani mabichi mpaka kitunga kijae, majani ya juu hubaki wazi, lakini ya chini hubanwa na uzito wa yale ya juu. Ndivyo yalivyo mapafu ya mgonjwa mahututi aliyelala chali. Sehemu ya mbele, iliyo ndogo, ina hewa. Sehemu ya mgongoni, iliyo kubwa, imebanwa na kufungwa.

Sasa mgeuze. Moyo hulala juu ya mfupa wa kifua, na mapafu hupumzika na uzito wake. Sehemu kubwa ya mgongoni inakuwa juu, na vifuko vyake huanza kufunguka. Na damu je? Damu nyingi huendelea kupita upande wa mgongo hata baada ya kumgeuza mgonjwa. Basi hewa na damu hukutana, na oksijeni huingia. Tena makohozi yaliyokaa nyuma hupata njia ya kutoka.

Lakini uangalie. Kulala kifudifudi hakuui vijidudu vya ugonjwa. Dawa ndiyo inayoviua. Kulala hivi humsaidia mgonjwa apate oksijeni wakati dawa inafanya kazi yake. Mtu asiache dawa kwa sababu ya kulala kifudifudi.

WATAALAMU WALIPIMAJE JAMBO HILI?

Labda utauliza, "Nani aliyesema hivi? Je, ni mawazo tu ya waganga?" Ni swali jema. Matibabu hayafai kuaminiwa kwa sababu mtu mkubwa ameyasema. Yanafaa kupimwa.

Mwaka 1976, huko Marekani, Piehl na Brown waliandika habari za wagonjwa 5 waliokuwa wameshindwa kupumua vizuri. Walipogeuzwa kifudifudi, oksijeni ya damu ilipanda. Hilo lilikuwa jambo la kutia moyo. Lakini wagonjwa 5 ni wachache, tena oksijeni kupanda si sawa na mtu kupona.

Mkulima wa Masisi anaelewa neno hili. Ukitaka kujua kama mbegu mpya ya maharagwe ni bora, huwezi kuipanda mbegu mpya katika shamba zuri, na ya zamani katika shamba la mawe. Itakudanganya. Ni lazima mashamba mawili yafanane. Vivyo hivyo wataalamu hugawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili, ili makundi yafanane, kisha huhesabu waliopona na waliokufa.

Jaribio kubwa la namna hiyo lilitolewa mwaka 2001 na Gattinoni na wenzake. Wagonjwa 304 wa Italia na Uswisi waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilikaa chali. Kundi la pili lililazwa kifudifudi saa 6 au zaidi kila siku, kwa siku 10. Matokeo yalikuwaje? Oksijeni ilipanda, ndiyo. Lakini vifo havikupungua kwa hakika. Watu wengi wakasema, "Basi, jambo hili halina faida."

Wengine hawakuacha. Waliona kwamba labda saa zilikuwa chache, na labda msaada huu si wa kila mgonjwa, bali wa wale walio hatarini zaidi. Mwaka 2013 Guérin na wenzake walitoa jaribio jingine, la wagonjwa 466 katika vyumba 26 vya wagonjwa mahututi nchini Ufaransa na kimoja nchini Hispania. Walichagua wale tu ambao mapafu yao yalikuwa na hali mbaya sana, na wote walikuwa katika mashine ya kupumulia iliyowekwa ipulize kwa upole. Kundi moja lililazwa kifudifudi saa 16 mfululizo au zaidi kila mara.

Wakati siku 28 zilipotimia, katika wagonjwa 229 waliokaa chali, 75 walikuwa wamekufa. Katika wagonjwa 237 waliolazwa kifudifudi, walikufa 38. Yaani karibu 33 katika kila 100 upande mmoja, na 16 katika kila 100 upande wa pili. Vifo vilipungua kwa nusu, na mkono wa muuguzi ndio uliofanya kazi kubwa. Tena ujue kwamba vyumba vile vilikuwa na mazoea ya kazi hii kwa zaidi ya miaka 5. Mikono isiyofundishwa inaweza kung'oa mrija wa kooni wakati wa kugeuza, na mgonjwa akafa mikononi mwao.

HABARI YA KIGALI, JIRANI YETU

Utasema, "Hizo ni habari za Ulaya, wenye mashine nyingi. Na sisi?" Basi twende Kigali, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Goma.

Ugonjwa huu wa mapafu kujaa maji na kushindwa kazi ghafula ulikuwa na kanuni yake ya kuutambua, iliyotolewa mwaka 2012 kwa jina la Berlin. Kanuni ile ilitaka mgonjwa awe katika mashine ya kupumulia, apimwe damu ya mshipa mkubwa, na apigwe picha ya kifua. Hospitali isiyo na vitu hivyo ingeandika kwamba haina mgonjwa hata mmoja wa namna hiyo. Lakini wagonjwa wapo.

Elisabeth Riviello na wenzake, katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, walitumia vitu vinavyopatikana. Mahali pa kupima damu walitumia kifaa cha kubana kidole, na pamoja na picha ya kifua walikubali ekografi, mashine ile ile ambayo mama wajawazito wanaijua. Walitoa habari yao mwaka 2016. Katika watu wazima 1,046 waliowachunguza, 42 walikuwa na ugonjwa huu. Wengi walikuwa bado na nguvu za ujana, na sababu ya kwanza ilikuwa maambukizo. Nusu yao walikufa. Na ni kama 3 tu katika kila 10 waliopata kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Kazi ile ya Kigali haikupotea. Mwaka 2024 ilichapishwa kanuni mpya ya dunia nzima, nayo inakubali kifaa cha kidole na ekografi. Basi mgonjwa wa Afrika naye anahesabiwa sasa, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mgonjwa asiyehesabiwa hatengewi kitanda.

MGONJWA ALIYE MACHO

Mume wa yule mama hakuwa na mrija kooni. Alikuwa macho, akisema nasi. Je, mgonjwa wa namna hiyo naye anasaidiwa?

Jambo hili lilipimwa sana wakati wa ugonjwa wa korona. Hapa Kongo mgonjwa wa kwanza wa korona alitambuliwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na duniani kote wauguzi walikuwa wakiwaambia wagonjwa, "Lala kifudifudi." Mwaka 2021 majaribio ya nchi 6 yaliunganishwa, yaani Kanada, Ufaransa, Ireland, Meksiko, Hispania na Marekani. Wagonjwa 1,121 wa korona, walio macho na wanaopewa oksijeni nyingi, walihesabiwa. Katika waliolala kifudifudi, 40 katika kila 100 walifikia kuhitaji mrija wa kooni au kufa. Katika wengine, ilikuwa 46 katika kila 100. Faida ilionekana zaidi katika kupunguza haja ya mrija; vifo peke yake havikuonekana kupungua kwa hakika. Walioweza kulala hivyo saa nyingi, 8 au zaidi kwa siku, walionekana kuendelea vizuri zaidi.

Jaribio jingine, la wagonjwa 400, lilitolewa mwaka 2022. Humo waliohitaji mrija walikuwa 34 katika kila 100 upande wa kifudifudi, na karibu 41 upande wa pili. Tofauti ile haikutosha kuondoa shaka.

Nakuambia haya yote ili usidanganyike. Kwa mgonjwa aliye macho, faida ipo lakini ni ndogo kuliko kwa yule wa mashine, tena ilipimwa hasa kwa korona. Kwa homa nyingine za mapafu daktari hujaribu kwa uangalifu, akitazama namba na pumzi. Ikisaidia, huendelea. Isiposaidia, huacha.

NENO LA ONYO JUU YA WATOTO WACHANGA

Mama msomaji, simama hapa usome mara mbili. Usimlaze mtoto wako mchanga kifudifudi ili alale usingizi nyumbani. Mlaze chali, usiku na mchana.

Tangu miaka ya 1950 vitabu vingi vya Ulaya na Marekani viliwaambia wazazi wawalaze watoto kifudifudi. Walifikiri kwamba mtoto akitapika hatasongwa. Maneno yale yalionekana kuwa na akili, lakini hakuna aliyeyapima kwanza. Watoto wengi wenye afya walikutwa wamekufa kitandani. Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake wa Uingereza walipitia maandiko ya zamani, wakaona kwamba dalili za hatari zilikuwapo tangu mwaka 1970. Kama zingefuatwa, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza wasingekufa. Uingereza ilibadili mafundisho mwaka 1991, na Marekani mwaka 1992, na vifo vile vikapungua kwa nusu au zaidi.

Unaona, kulala kule kule kulikookoa watu wazima kuliua watoto wachanga. Ndiyo sababu tunapima. Hatufuati jambo kwa kuwa linapendeza masikioni.

Utaniuliza, "Lakini mbona mtoto wangu aliyezaliwa kabla ya wakati mulimufunga tumbo kwa tumbo kifuani pangu?" Hilo ni jambo jingine. Mtoto yule yuko wima, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande, na mama yake anamtazama. Njia hiyo ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 jaribio la Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania lilihesabu watoto wadogo 3,211. Waliowekwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100. Waliongojewa kwanza mpaka wapate nafuu, karibu 16. Endelea nayo, mama, kama ulivyofundishwa.

KAZI YAKO WEWE MLINZI WA MGONJWA

1. Uliza kwanza. Usimgeuze mgonjwa bila muuguzi, wala kumlaza kifudifudi, wala kumrudisha chali. Mgonjwa wa mashine huhitaji watu kadhaa na mmoja wa kushika kichwa na mrija.

2. Usimlishe akiwa amelala kifudifudi. Ale akiwa ameketi, kisha apumzike kwanza kabla ya kulala tena.

3. Uso wake uwe upande mmoja, pua na mdomo wazi. Mto na kitenge visizibe pumzi. Muuguzi akikuonyesha, msaidie kugeuza kichwa upande wa pili kila baada ya muda.

4. Tazama mrija wa oksijeni. Usiwe umekunjwa, umelaliwa, wala umetoka puani.

5. Tazama ngozi ya mashavu, kifua, nyonga, magoti na vidole vya miguu. Ukiona wekundu au kidonda, sema.

6. Mgonjwa akichoka, usimlazimishe. Muuguzi ataweka mto chini ya kifua na nyonga, au atamruhusu alale ubavu au aketi kwa muda.

7. Mwite muuguzi upesi kama midomo inageuka rangi, kama pumzi inazidi mbio, kama mgonjwa anatapika, anasinzia mno au anasema maneno yasiyoeleweka.

Tena kuna watu ambao daktari peke yake ndiye anayeweza kuamua juu yao: mwenye mimba kubwa, mwenye jeraha la kifua au tumbo, aliyevunjika mgongo, na aliyepasuliwa siku chache zilizopita. Mtu aliyezimia njiani lakini bado anapumua, umlaze kwa ubavu, si kifudifudi. Na mtu anayeshindwa kupumua nyumbani, usimlaze kifudifudi ukakaa kungoja. Tafuta kipoyi, tafuta pikipiki, mlete hospitali siku ile ile.

MWISHO WA HABARI

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Munganga, kama mungeniambia jana, singemugeuza." Nilikosa jibu. Nilimwomba atusamehe.

Tangu saa ile yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wetu bora. Tulimlaza mume wake tena kifudifudi, na mama alikaa kichwani pake. Alihesabu saa kwa kengele ya kanisa na kwa zamu zetu. Alimpangusa jasho, akautazama mrija, akamwimbia polepole alipotaka kukata tamaa. Wageni walipokuja na kuuliza, hakuona haya tena. Aliwaambia habari ya kitunga cha sombe, vizuri kuliko mimi. Baada ya siku nne namba ilikaa 92 hata mgonjwa akiwa ameketi, na baada ya majuma mawili alitoka kwa miguu yake, mke wake amebeba godoro.

Sikuambii kwamba kila mtu hupona hivyo. Mwezi ule ule kijana mmoja wa machimboni alilazwa vizuri, kwa saa zote zilizotakiwa, na mama yake hakuondoka kando yake. Hata hivyo alitutoka. Mapafu yake yalikuwa yameharibika mno alipofika, maana alikuwa amekaa siku tisa nyumbani.

Basi, msomaji, shika mambo haya. Mlete mgonjwa mapema. Mtoto mchanga alale chali. Na siku utakapofungua mlango wa chumba, ukamkuta ndugu yako amelala kifudifudi, weka chini bugali lako, mtafute muuguzi, umwulize sababu. Ni haki yako kujibiwa.